Ruta ya Koridoni

Bosi wetu alikuwa na sheria moja tu kazini, na aliirudia kila tulipoingia kwenye jengo jipya: kabati haliguswi na asiye na cheti. Kutoboa ukuta, ruksa. Kupanda ngazi, kuvuta waya juu ya dari, kutambaa kwenye vumbi na kutoka na utando wa buibui kichwani, ruksa kabisa. Lakini kabati, lile la chuma ambamo waya zote za jengo huishia, lilikuwa lake peke yake. Alilifungua akiwa ametugeuzia mgongo, akafanya anayoyafanya humo ndani, akafunga na kutia ufunguo mfukoni.

"Haya, intaneti hiyo," alisema, na sisi tukakusanya ngazi.

Mimi nilikuwa mvuta waya. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu mikono yangu ni midogo na hupita pale ya wenzangu inapokwama. Kazini waliniita Kimya. Sikuwakasirikia, maana kuwakasirikia kungenilazimu kusema neno. Kilichokuwa kinanikera ni kabati. Waya nilizozivuta mimi, nikazipima mimi, nikazibandika alama mimi, ziliingia humo kwa tundu la nyuma na mimi nikabaki nje, kama mtu aliyepika chakula halafu akafungiwa mlango watu wanapokula. Nilitaka kujua zinakwenda kufanya nini. Nilitaka siku moja nilifungue mimi.

Siku moja tulipokuwa tunafunga mitandao kwenye shule mpya, Bosi alisema, huku akijifuta jasho, kwamba kabati la shule ile litahitaji mtu wa kukaa nalo, wa kulifungua likisumbua na kulifunga likipona. Akasema mtu huyo lazima awe na cheti cha mitandao, na asipopatikana kati yetu atamtafuta nje.

"Nitasoma," nilisema.

Watu wote wawili waliokuwa kwenye ngazi waligeuka. Mmoja akasema, "Nani kaongea?" Mwenzake akasema, "Sijui, labda ukuta."

Bosi alimaliza kujifuta jasho. "Ukileta cheti kabla shule haijafunguliwa, ufunguo ni wako. Usipoleta, nisilaumiwe."

Chuo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Hawakuuliza mtu ameishia darasa la ngapi, na mimi nilishukuru, kwani la tano sikulimaliza. Walitaka ujue kusoma na uwe na subira. Kusoma nilikuwa sijakuacha. Nilisoma kila kikaratasi cha maelekezo kilichotoka ndani ya boksi, mbele na nyuma, hata sehemu inayosema usimpe mtoto kifaa hiki akitafune. Maneno ya mashine ni ya Kizungu, lakini ni machache na hayabadiliki. Ukishalijua neno leo, kesho utalikuta limevaa nguo zile zile.

Shida ilikuwa vifaa. Darasa zima tulikuwa na meza chache za kufanyia mazoezi, na kila meza ina kompyuta moja yenye kibodi moja, na kibodi ilikuwa ya wenye sauti. Walikuwa watu wazuri tu. Walikaa mbele, wakabishana, wakabonyeza, wakakosea, wakacheka, wakabonyeza tena. Mimi nilisimama nyuma nikichungulia katikati ya mabega. Nilielewa mambo mengi kwa macho. Vidole vyangu havikuelewa kitu.

Mwalimu wetu, kijana mwenye tabia ya kutafuna vifuniko vya kalamu, aliniita pembeni baada ya kipindi.

"Majaribio ya kuandika unafanya vizuri," alisema. "Lakini unajua mtihani wenyewe ulivyo? Unaingia chumbani peke yako. Unaunganisha mtandao mzima mbele ya wasimamizi, na muda wote unawaeleza unafanya nini na kwa nini. Ukinyamaza, wanaandika sifuri."

"Nisemeje?" niliuliza.

"Umeona? Hata hilo sijalisikia."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata tamaa kidogo. Ninaishi kwa dada yangu, na mumewe, na mapacha wao wawili, na bibi yetu mzaa mama. Dada alikuwa jikoni anaosha vyombo. Nilimweleza yote, kwa sauti ile ile ambayo yeye peke yake huisikia, kwamba nyumbani sina kifaa hata kimoja cha kujifunzia wala mtu wa kuongea naye mambo haya.

Dada alizima bomba. "Vifaa vyenyewe vinafanya nini?"

"Vinapelekeana ujumbe."

"Basi humu ndani tumejaa. Niambie mimi ni nini."

Nilidhani anatania, kumbe anasubiri jibu na mikono inachuruzika povu. Nikafikiri. Nikamwambia kwamba kila chumba cha mtandao kina kifaa kinachoitwa swichi. Swichi inamjua kila aliyeunganishwa nayo, na ujumbe wa fulani inampa fulani, haikosei. Lakini haijui kabisa mambo ya chumba kingine.

"Huyo ni mimi na jikoni kwangu," alisema Dada. "Na anayejua vyumba vyote?"

Hapo hatukuhitaji kufikiri. Nyumba yetu ni ndefu. Jikoni na chumba cha mapacha viko nyuma, sebule iko mbele, na katikati kuna korido nyembamba. Kwenye korido hiyo ndipo Bibi alipoweka kiti chake, na hakuna anayepita bila kuulizwa ametoka wapi na anakwenda wapi. Kifaa kinachopokea ujumbe wa chumba kimoja na kuupeleka chumba kingine kinaitwa ruta. Sisi tulikuwa nayo, ina kiti na kijishali.

Bibi alikubali mara moja, ila alitaka kujua kama kuna sare.

Nilimbandikia karatasi mbili. Begani kushoto anwani, yaani namba, ya upande wa jikoni, begani kulia anwani ya upande wa sebuleni, kwa sababu ruta husimama kwenye vyumba viwili na kila upande huijua kwa anwani yake. Mapacha nikawafanya kompyuta, kila mmoja na anwani yake kifuani. Shemeji alirudi kazini akakuta anasubiriwa.

"Mimi nifanye nini?" aliuliza.

"Wewe ni printa, shemeji. Kaa sebuleni usubiri uletewe kitu."

"Hiyo naiweza."

"Hiyo amesomea," alisema Dada kutoka jikoni.

Tukaanza. Pacha mmoja aliandika ujumbe kwenye karatasi, juu yake akaandika anwani yake na anwani ya printa. Akaangalia: anwani hii si ya chumba chetu, basi niupeleke kwa Bibi. Akampa Dada, Dada akampa Bibi. Bibi akavaa miwani, akasoma anwani, akajitazama bega la kushoto, akajitazama la kulia, akatoa mkono upande wa sebuleni. Shemeji akapokea, akausoma kwa sauti ya kukwaruza: "Baba, tunaomba baiskeli."

"Printa haijibu," alisema Shemeji. "Printa inachapa tu."

Kila jioni baada ya chakula tukawa tunafanya hivyo. Nilipofundishwa chuoni kwamba kompyuta mbili hupigiana hodi kwanza kabla ya mazungumzo marefu, mapacha hawakuona ajabu. Mmoja alisema hodi, mwenzake akasema karibu nakusikia, wa kwanza akasema haya naja, ndipo wakaanza kutumiana matusi madogo madogo ya kitoto. Nilipofundishwa kwamba ruta inaweza kuwekewa masharti ya kuzuia baadhi ya ujumbe, nilifanya kosa la kumwambia Bibi. Kesho yake Shemeji alituma karatasi kuomba chai. Ikarudi.

"Bibi, mbona umeirudisha?" aliuliza akiwa sebuleni.

"Printa haiombi chai, mume wetu."

"Nina kiu."

"Mafundi wataliangalia hilo kesho."

Jirani alikuja kuomba kuazima chungio, Bibi akamwambia ruta haina njia ya kwenda kwake, akapitie mlango wa nje. Ikabidi Dada amfuate uani kumwomba radhi. Jirani hakukasirika. Siku iliyofuata alikuja na kikaratasi kifuani, ameandika namba alizozibuni mwenyewe.

Kilichonisaidia zaidi ni masikio ya Bibi. Hasikii vizuri. Dada alikuwa amenipa sharti kwamba nisimame koridoni nieleze kila kinachotokea, kama watangazaji wa mpira. Siku za kwanza nilinong'ona, na Bibi akawa ananikatiza: "Ruta haijasikia. Sema juu." Nikasema juu kidogo. "Ruta bado." Nikaendelea kupandisha hadi nikawa natangaza nyumba nzima inasikia, na mtu aliyekuwa anapita barabarani akasimama dirishani kuuliza nani anaongoza.

Siku ya mtihani niliingia chumbani nikakuta sauti yote nimeiacha nyumbani.

Wasimamizi walikuwa wawili. Mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na mzee mmoja mwembamba mwenye kalamu. Meza ya kwanza ilikuwa na kompyuta na swichi ndogo. Meza ya mbali ilikuwa na printa. Katikati, ruta mpya, ndiyo kwanza imetolewa kwenye boksi lake. Kazi yangu ilikuwa kuchapa ukurasa mmoja kutoka meza hii hadi meza ile.

"Anza, na utueleze," alisema yule mama.

Nilianza na waya, kwa sababu waya ni zangu. Nilizikata, nikapanga nyuzi zake kwa rangi, nikabana vichwa, nikapima. Mikono ilifurahi. Mdomo ulitoa kitu kama mlio wa mbu.

"Ongeza sauti, mwanangu, hatuumi."

Niliandika anwani ya kompyuta. Niliandika ya printa. Nikaingia kwenye ruta, nikaandika anwani ya tundu la waya la kushoto na ya lile la kulia, vidole vikitafuta herufi moja moja. Nikahakiki. Zote sawa. Nikaiambia kompyuta iite printa. Kompyuta ikangoja, ikasema hakuna anayejibu. Nikaita tena. Hakuna.

Nikakagua waya. Nzima. Nikakagua anwani, namba kwa namba. Sahihi. Nikaita mara nyingine na jibu likawa lile lile. Nikasimama pale, mikono imening'inia, na najua kabisa kwamba nimenyamaza, na kwamba kunyamaza kuna bei yake. Yule mzee alitazama saa ya ukutani. Akainamisha kalamu kwenye karatasi. Nikaona ufunguo wa lile kabati unaingia kwenye mfuko wa mtu nisiyemjua.

Nikafumba macho. Kilichonijia ni korido yetu.

"Pacha ameandika ujumbe," nilisema.

Kalamu ikasimama. "Pacha gani?" aliuliza mzee.

"Mwache," alisema yule mama.

"Pacha ameandika ujumbe kwenda kwa Shemeji. Ameona Shemeji hayuko chumba hiki, basi lazima apitie kwa Bibi. Ujumbe amempa Dada." Nilifumbua macho nikainama kwenye swichi. "Dada yuko vizuri. Taa yake ya upande wa Pacha inawaka. Taa yake ya upande wa Bibi haiwaki." Nilikuwa nasema juu sasa, kama Bibi yuko mbele yangu. "Waya wa kwenda kwa Bibi ni mzima, nimeupima mwenyewe. Dada hana kosa. Tatizo ni Bibi. Bibi hapokei."

"Kwa nini hapokei?" Yule mama alikuwa amevaa miwani yake.

"Sijui. Anwani anayo begani, ni sahihi. Bibi huwa anapokea. Hajawahi kusinzia hata siku moja, hata kivuli kikipita koridoni anauliza nani huyo. Sisi tunabandika karatasi tu, tunaanza."

Hapo nikajisikia mwenyewe. Nikaitazama ile ruta.

"Huyu si Bibi," nilisema taratibu. "Bibi wa nyumbani yuko macho siku zote, kwa hiyo sijawahi kumwamsha. Huyu katoka kwenye boksi. Matundu yake yamelala mpaka uyaamshe. Nimempa anwani, nimembandika begani, na yeye amelala usingizi mzito."

Kuna amri fupi ya kuliamsha tundu. Nilikuwa nimeiona mara nyingi katikati ya mabega ya wenzangu, wao wakiibonyeza haraka haraka. Niliiandika kwa tundu la kushoto, nikasema, "Amka upande wa jikoni." Nikaiandika kwa la kulia. "Amka upande wa sebuleni." Taa moja ikapepesa, ikawaka. Ya pili ikafuata. Nikaiambia kompyuta iite, na printa ikaitika. Nikatuma ukurasa. Printa ikakohoa, ikanguruma, ikaanza kuvuta karatasi bila haraka yoyote.

"Na huyo ndiye Shemeji," alisema mzee.

"Ndiyo."

Akaweka kalamu chini, akainamia meza, na mabega yakawa yanatikisika. Yule mama hakucheka, ila mdomo wake ulikuwa unapata taabu.

"Sasa niambie," alisema. "Shemeji akihamia jikoni?"

"Anabadilishiwa anwani iwe ya jikoni. Baada ya hapo Bibi hahusiki tena na barua za Pacha kwa Shemeji, Dada anamalizana nao mwenyewe."

"Na ujumbe ukienda kwa mtu ambaye Bibi hamjui kabisa?"

"Kama hatujamwelekeza, anaurudisha. Tukimwelekeza, anautoa kwa mlango wa nje. Huko kuna bibi wengine wanaojua zaidi."

"Na Bibi akiamua kuzuia ujumbe wa Shemeji?"

"Inawezekana," nilisema. "Ila msimwambie."

Waliniuliza mengi, zaidi ya yaliyokuwa kwenye karatasi yao nadhani, na mimi nikajibu yote, tena nikawa nawakatiza. Mwishoni yule mama alivua miwani. Alisema majibu hutangazwa ubaoni, lakini hatanisumbua kwa kuningojesha: nimefaulu.

"Jambo moja tu," aliongeza. "Ukienda kwa mteja, usimwambie bibi yake amelala. Sema tundu halijawashwa."

Nyumbani walikuwa wamekaa kila mtu mahali pake, wanajifanya hawanisubiri. Niliwaeleza nikiwa nimesimama koridoni, mwanzo hadi mwisho. Mapacha walipiga makofi. Dada alinikumbatia na mikono yake ya unga. Bibi alijitazama bega la kushoto, akajitazama la kulia.

"Kwa hiyo kosa lilikuwa langu," alisema.

"Hapana, Bibi."

"Lilikuwa langu. Nimefanya kazi vizuri mno, mtoto nusura afeli."

"Printa ilifanya kazi mara ya kwanza," alisema Shemeji. "Naona hilo halitajwi."

"Printa imeletewa kila kitu mdomoni," alisema Dada, akaenda kumchemshia chai.

Cheti kilipotoka nilikipeleka kwa Bosi pale pale shuleni, madawati mapya yakiwa bado yamefungwa nailoni. Alikisoma kwa makini, akakigeuza, akasoma na upande usio na kitu. Wenzangu walishuka kwenye ngazi. Bosi akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, halafu akawa kama amesahau jinsi ya kumpa mtu kitu.

"Sheria ni sheria, Bosi," nilisema.

"Ukuta umeongea tena," alisema mmoja wa wenzangu.

Nikachukua ufunguo. Nikaenda kwenye kabati, nikafungua mlango wa chuma, na waya zikanimwagikia kifuani kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Zilikuwa zimefungana, zimepindana, nyingine zimekazwa kwa kitambaa, moja imefungwa kwa kamba ya kiatu. Alama zangu nilizobandika kwa uangalifu hazikuonekana hata moja. Mtandao ulikuwa unafanya kazi, taa zinawaka, sijui kwa huruma ya nani.

Niligeuka. "Nani kazipanga hivi?"

Bosi alikuwa anaangalia dari. "Siku ile nilikuwa na haraka."

"Makabati mengine je?"

"Na mengine pia nilikuwa na haraka."

"Yote?"

"Sasa ulidhani kwa nini sikutaka mtu afungue?" alisema kwa sauti ya chini, na wenzangu wakacheka mpaka mmoja akakaa kwenye boksi la madawati. Bosi akajaribu kukaza uso, ukamshinda, akacheka na yeye.

Nilikunja mikono ya shati. Nikazishika waya zote kwa pamoja, nzito, zenye joto, zile zile nilizozivuta mimi darini moja baada ya nyingine, nikatafuta ya juu kabisa.

"Bosi," nilisema. "Njoo ushike hapa. Usiachie mpaka nikwambie."

Akaja, akashika.